Macho Dhaifu Katika Miteremko ya Theluji

Katika nchi za milima ya Alpi, yaani Uswisi, Austria, Ufaransa na Italia, majira ya baridi huwatoa watu wengi majumbani mwao wakaenda kuteleza juu ya theluji. Mtelezaji hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, au husimama juu ya ubao mmoja mpana, kisha hujiachia kutoka juu ya mlima akiongoza mwendo wake kwa kuelemea upande huu na huu. Mtu wa kawaida aliyekwisha kujifunza huenda kasi ya kilomita 30 hadi 60 kwa saa. Washindani hupita mbali zaidi: mwaka 2013, katika mteremko wa Wengen nchini Uswisi, Mfaransa Johan Clarey alipimwa akienda kilomita 161.9 kwa saa. Afrika Mashariki nayo si ngeni kabisa katika theluji. Philip Boit wa Kenya alishiriki mbio za masafa za mbao katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za mteremkoni huko Pyeongchang mwaka 2018.

Mtazamaji huisifu miguu ya mtelezaji, lakini miguu hutii tu yale ambayo macho yamekwisha kuyaona. Sasa watu wengi duniani hawana macho yaonayo sawasawa, na theluji ina hila zake za kuwanyima hata yale machache wayaonayo. Jinsi wanavyolikabili tatizo hilo ni somo zuri la fizikia na la biolojia kwa pamoja.

Jicho la binadamu hupinda miale ya nuru kwa nguvu ya dayopta 60 hivi. Kiasi cha theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea, lile tabaka angavu la mbele, na sehemu iliyobaki hufanywa na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikiwa imebinuka mno, miale kutoka mbali hukutana kabla ya kuifikia retina, na mtu huyo huona vya karibu tu. Dawa yake ni lenzi mbonyeo, iliyo nyembamba katikati, ambayo huitawanya miale kidogo kabla haijaingia jichoni. Jicho likiwa fupi, mambo huwa kinyume, na lenzi mbinuko ndiyo hutumika. Kuna na wale ambao konea yao haina mviringo ulio sawa pande zote, imekaa kama ubavu wa yai. Hao huhitaji lenzi iliyokatwa kwa mhimili maalumu.

Ukali wa macho hupimwa kwa ubao wa herufi uliotungwa mwaka 1862 na daktari Mholanzi Herman Snellen. Mtu akiambiwa ana 6/18, maana yake ni kwamba herufi ambayo mwenye macho mazima huisoma akiwa mita 18, yeye hulazimika kuisogelea hadi mita 6. Hebu hesabu hiyo ihamishiwe mlimani. Mtelezaji anakwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Mbele yake kuna mwamba mdogo ambao jicho zima lingeutambua kwa mita 60. Mwenye jicho zima ana sekunde 4 za kuamua na kukata kona. Mwenye 6/18 asiyevaa miwani atautambua akiwa mita 20, naye amebakiwa na sekunde 1.3 tu. Kutambua na kuamua peke yake huweza kula karibu sekunde nzima, na mbao hazijaanza kugeuka. Huo ni ukadiriaji tu, lakini unatosha kuonyesha kwa nini tabia ya baadhi ya watelezaji ya kuitia miwani mfukoni kwa sababu inawasumbua ni tabia ya hatari, kwao na kwa mtoto anayejifunza chini ya mlima.

Hata hivyo, kwenye theluji ukali wa jicho si kila kitu. Ardhi ya kawaida ina rangi: majani, udongo, mawe. Theluji ni nyeupe tupu, na jicho hutambua matuta na mashimo yake kwa vivuli peke yake. Jua likiwaka kwa pembeni, kila tuta lina upande mwangavu na upande wenye kivuli, na mlima husomeka kama kitabu. Wingu likitanda, nuru huja kutoka kila upande kwa wakati mmoja. Hutoka juu mawinguni, na hutoka chini kwenye theluji yenyewe. Vivuli hutoweka. Wapo watelezaji wazoefu walioanguka wakiwa karibu wamesimama, kwa kudhani kwamba mteremko unaendelea kumbe umekwisha. Hali hii humpata hata mwenye macho ya 6/6, lakini mwenye macho dhaifu huipata mapema zaidi, kwa kuwa kivuli hafifu ndicho cha kwanza kupotea taswira inapofifia retinani.

Kwa ajili hiyo miwani kinga ya theluji hutengenezwa kwa vioo vya rangi mbalimbali. Siku ya jua kali hutumika kioo cheusi chenye kupitisha sehemu ndogo tu ya nuru. Siku ya mawingu hutumika kioo cha manjano, cha rangi ya chungwa au cha waridi, ambacho huzuia sehemu ya nuru ya buluu inayotawanyika hewani, na hivyo vivuli vilivyosalia huonekana waziwazi zaidi. Kioo hicho hakiwezi kukiumba kivuli kisichokuwapo. Wingu likiwa zito kabisa, watelezaji wenye busara huhamia karibu na miti, maana mashina meusi hulipa jicho kitu cha kulinganishia.

Adui mkubwa wa mvaa miwani, hata hivyo, ni ukungu juu ya kioo. Mtu yeyote mwenye miwani anaujua: akifunua chungu cha maji yanayochemka, anakuwa kipofu kwa muda. Mkazi wa Dar es Salaam anayetoka katika gari lililopozwa kwa mashine na kuingia katika hewa ya joto ya pwani hupatwa na jambo lilo hilo. Sababu ni moja. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi wa maji kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke; ikipoa hadi nyuzi 0, haiwezi kubeba hata gramu 5. Zile gramu zilizozidi hulazimika kutoka, nazo hutua kama vitone vidogo sana juu ya kitu baridi kilicho karibu. Vitone hivyo hutawanya nuru kila upande, na kioo huwa cheupe.

Uso wa mtelezaji ni kiwanda cha mvuke. Ngozi yake inatoa jasho, na pumzi yake hutoka ikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 30 na imejaa unyevu. Akijifunga kitambaa puani, pumzi hupanda moja kwa moja hadi kwenye macho. Nje, upepo wa nyuzi 10 chini ya sifuri unakipiga kioo. Akivaa miwani ya kawaida ndani ya miwani kinga, ana vioo viwili vya kuangalia badala ya kimoja, na kile cha ndani hawezi kukifikia bila kuvua kila kitu katikati ya baridi.

Mtu aliyelipunguza tatizo hilo hakuwa mhandisi. Bob Smith alikuwa daktari wa kunyoosha meno huko California, Marekani, aliyependa sana theluji. Mwaka 1965 alitengeneza miwani kinga yenye vioo viwili vilivyozibwa pamoja, na hewa ikikaa katikati yake. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Kwa hiyo kioo cha nje hupigwa na baridi, ilhali kile cha ndani hubaki karibu na joto la uso, na mvuke haupati mahali pa kutua. Kingoni aliweka sifongo jepesi lenye kupitisha hewa, ili mvuke utoke bila theluji kuingia. Miwani kinga nyingi za leo bado zinafuata kanuni hiyo. Upande wa ndani wa kioo hupakwa dawa inayopenda maji: vitone vikitua havibaki vitone, bali hutandaa kuwa utando mwembamba usiotawanya nuru. Utando huo wa dawa ni laini mno. Mtu akiufuta kwa glavu yenye theluji ameuharibu, na kosa hilo hufanywa kila siku. Kilicho sahihi ni kukung'uta maji, kusubiri kioo kikauke, na kutoipandisha miwani juu ya paji la uso lenye jasho wakati wa kupumzika.

Mwenye macho dhaifu ana njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kununua miwani kinga yenye kina kirefu, iliyokatwa pembeni ili mikono ya miwani ya kawaida ipite. Ni njia rahisi, nayo humfaa anayekwenda mlimani mara moja kwa mwaka. Kasoro yake ni ukungu uliokwisha kutajwa, pamoja na maumivu ya masikio chini ya kofia ngumu. Tena miwani yenyewe haifai kuwa na vioo vya kawaida vinavyovunjika vikali. Vioo vya polikaboneti huhimili pigo vizuri zaidi. Mzee anayevaa miwani ya sehemu mbili, ya juu kwa kuona mbali na ya chini kwa kusomea, aiache nyumbani, kwani atakapotazama theluji iliyo mbele ya miguu yake ataitazama kupitia sehemu ya kusomea, nayo itakuwa ukungu mtupu. Imfaayo ni miwani ya kuonea mbali tu.

Njia ya pili ni fremu ndogo isiyo na mikono, yenye lenzi za mtu huyo, inayopachikwa ndani ya miwani kinga. Hapa kuna jambo ambalo mwalimu wa fizikia anaweza kulifanyia hesabu ubaoni. Nguvu ya lenzi inavyofanya kazi jichoni hutegemea umbali wake kutoka kwenye konea. Mtu anayevaa lenzi ya dayopta 8 za kutawanya, iliyo milimita 12 mbele ya konea, kitovu cha lenzi hiyo kipo milimita 125 mbele yake, yaani milimita 137 kutoka kwenye konea. Gawanya 1 kwa mita 0.137, utapata dayopta 7.3: hiyo ndiyo nguvu ambayo jicho lake linaihitaji hasa. Lenzi ile ile ikisogezwa mbele hadi milimita 20, kama inavyoweza kutokea ndani ya miwani kinga, kitovu kitakuwa milimita 145 kutoka kwenye konea, na nguvu itakuwa dayopta 6.9 tu. Mtu huyo amepoteza dayopta 0.4 bila kujua, naye atalalamika kwamba miwani yake mpya haioni mbali. Mtaalamu akijua umbali huo mapema ataongeza nguvu ya lenzi hadi dayopta 8.5 hivi. Kwa mwenye udhaifu wa dayopta 1 au 2 tofauti hii haina uzito.

Njia ya tatu ni lenzi mguso, yaani lenzi ndogo inayokaa juu ya konea yenyewe. Adolf Fick, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, alizitengeneza za kioo mwaka 1888, nazo zilikuwa kubwa na hazikuvumilika kwa saa nyingi. Lenzi laini zilitokana na mwanakemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia, ambaye mwishoni mwa mwaka 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya chuma vya mchezo wa watoto. Kwa mtelezaji, sifa za lenzi mguso ni kubwa. Haziingii ukungu, hazina fremu ya kuziba pembeni, na huingia chini ya miwani kinga yoyote.

Wengi huuliza kama lenzi hizo zinaweza kuganda jichoni. Katika hali ya kawaida ya michezo hazigandi: konea hupata joto kutoka ndani ya jicho, na kope huifunika kwa machozi ya vuguvugu kila baada ya sekunde chache. Tatizo halisi ni ukavu. Hewa ya baridi, kama hesabu ya mvuke ilivyoonyesha, haina maji, na upepo wa mwendo huyakausha machozi. Lenzi iliyokauka hung'ang'ania jichoni au huanguka. Ndiyo maana mvaa lenzi mguso asiteleze bila miwani kinga, na awe na jozi ya akiba pamoja na miwani ya kawaida mfukoni. Jambo moja halina mjadala: lenzi isioshwe kwa maji ya bomba wala kwa theluji iliyoyeyuka, hata ionekane safi namna gani. Katika maji huweza kuwamo vijidudu aina ya amiba vinavyoishambulia konea, na ugonjwa wake huumiza sana na ni mgumu kutibu. Lenzi za kutumika siku moja na kutupwa huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Hatari ambayo haibagui mwenye macho mazima na mwenye macho dhaifu ni miale ya urujuanimno. Nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1000 za kupanda. Mchanga mkavu wa ufukweni huiakisi kwa asilimia 15 hivi, na majani na udongo huiakisi chini ya asilimia 10. Theluji mpya huweza kuiakisi hadi asilimia 80. Kwa hiyo kofia yenye ukingo mpana haitoshi, kwani miale hutoka chini vilevile. Wala wingu jepesi haliizuii sana. Konea iliyopigwa hivyo huungua kama ngozi. Mtu hasikii lolote kwa saa kadhaa, aghalabu 6 hadi 12, kisha usiku huamka akiona kana kwamba macho yamejaa mchanga, machozi yanamtoka na hawezi kuvumilia nuru. Huo ndio upofu wa theluji. Kwa kawaida hupona kwa siku moja hadi tatu. Mgonjwa huvua lenzi mguso kama anazo, hukaa gizani, huwekewa kitambaa baridi na hakatazwi kulia ila kusugua. Na daktari wa macho huhitajika. Lenzi mguso zenye kuzuia urujuanimno hazitoshi kuwa kinga, maana hufunika konea tu na kuyaacha weupe wa jicho na kope.

Wainuiti wa Aktiki waliijua hatari hii karne nyingi kabla ya neno urujuanimno kutungwa. Walichonga miwani ya mfupa, pembe au mbao isiyo na kioo, ikiwa na ufa mwembamba tu mbele ya kila jicho. Ufa huo ulizuia sehemu kubwa ya nuru, na haukuingia ukungu kama kioo. Ulikuwa na faida nyingine ya ajabu: tundu jembamba hupunguza upana wa mwali uingiao jichoni, na taswira huwa kali zaidi hata kwa jicho lisiloona mbali. Mwanafunzi asiyeona ubao vizuri anaweza kulithibitisha jambo hili darasani. Atoboe karatasi nene kwa sindano kubwa, tundu lisizidi milimita 1, avue miwani na kutazama ubao kupitia tunduni. Herufi zitakuwa na giza kidogo, lakini zitasomeka. Zikisomeka hivyo, aghalabu kasoro yake ni ya kupinda nuru, na miwani itamfaa. Zisiposomeka, aende hospitali upesi, kwani huenda ugonjwa uko mahali pengine jichoni.

Habari hii ya miale inaigusa Tanzania moja kwa moja. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, kipo karibu na ikweta, na barafu yake, ingawa imepungua sana, bado inang'aa. Mgeni hufika akiwa na miwani myeusi ya bei kubwa; mpagazi anayembebea mzigo mara nyingi hana hata ya bei ndogo, naye hupanda tena na tena mwaka mzima.

Mlima mrefu una fundisho jingine kwa wale waliotengeneza macho kwa kisu. Katika miaka ya 1970 daktari Svyatoslav Fyodorov wa Urusi ya Kisovieti aliendeleza upasuaji wa kuchanja konea kwa mikato kama njiti za baiskeli, ili iwe bapa zaidi. Mwezi Mei mwaka 1996 Mmarekani Beck Weathers, aliyepasuliwa hivyo, alikuwa akipanda Everest alipoanza kupoteza uwezo wa kuona. Konea hupata oksijeni yake kutoka hewani. Oksijeni ikipungua, konea huvimba, na ile iliyochanjwa hubadili umbo. Alibaki mlimani katika dhoruba, akanusurika, lakini alipoteza mkono wa kulia kwa baridi. Upasuaji wa siku hizi hufanywa kwa leza na hauidhoofishi konea kwa namna ile, na miteremko ya Alpi, ambayo mingi iko chini ya mita 3,500, haifikii hatari hiyo.

Na wasioona kabisa? Nao huteleza. Katika michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi kwa walemavu, iliyofanyika Örnsköldsvik nchini Uswidi mwaka 1976, wasioona walikuwamo katika mbio za masafa, na baadaye mbio za mteremkoni zikaongezwa. Kiongozi mwenye kuona hutangulia mita chache, akisema bila kukoma kwa redio iliyo ndani ya kofia: kushoto, kulia, tuta, barafu. Anayefuata hugeuka kwa sauti hiyo na kwa mtikisiko aupatao miguuni. Medali hutolewa kwa wote wawili.